Kijana na lori lake la kwanza: Deni lisishike usukani

Kijana wa Karagwe au Kyerwa anapofikia umri wa kujitegemea, wazee humuuliza ataishi kwa kazi gani. Enzi za utoto wetu jibu lilikuwa mgomba na mbuni. Aliyerithi kibanja alikuwa amerithi maisha. Leo vibanja vimegawanywa mara nyingi. Babu aliwagawia wana, wana wakawagawia wajukuu, na kipande kinachomfikia kijana wa sasa hakitoshi kulisha nyumba mbili. Hivyo kijana mwenye nguvu hutazama barabarani. Huona malori yaliyosheheni mikungu ya ndizi yakitoka Bugene kuelekea Kyaka, huona magunia ya maharage yakipakiwa Nkwenda, huona kahawa ikikusanywa katika vyama vya msingi, naye hujiambia kwamba mali yote hiyo haitembei yenyewe.

Sisi tunaoandika makala haya ni baba na mama wa kijana mmoja wa namna hiyo, wakazi wa Rugera. Mwanetu alianza na bodaboda ya mkataba, akawa utingo kwenye Fuso la mtu, kisha akapata leseni ya magari makubwa na kukabidhiwa usukani. Kwa miaka 4 aliendesha gari la tajiri, akipeleka hesabu na kubaki na posho yake. Alipotimiza miaka 27, akiwa na mke na mtoto mmoja, alikuja akaketi mbele yetu baada ya swala ya Isha, akasema: "Baba, Mama, nataka gari langu mwenyewe." Tunaandika yaliyofuata si kwa kujisifu, bali kwa kuwa tunajua ombi hilo limeingia katika nyumba nyingi za mkoa huu, na mara nyingi huingia likiwa limeandamana na hati ya shamba.

Tajiri na dereva katika kiti kimoja

Kwanza tulitaka kuielewa biashara yenyewe. Tulimtaka kijana atueleze safari moja tangu kupakia hadi kurudi, naye akatueleza bila kuficha. Ndizi hukatwa zikiwa mbichi, na tangu saa hiyo huwa zinahesabiwa siku. Zikifika Mwanza mapema zina bei. Zikichelewa huanza kuiva ndani ya gari, na mwenye mzigo humlaumu dereva. Alipokuwa utingo aliwahi kulala Busisi akisubiri kivuko huku harufu ya ndizi zinazoiva ikisikika nyuma ya gari. Alhamdulillah, tangu tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, limefunguliwa na magari yanapita juu ya Ziwa Victoria bila kusubiri chombo. Huku kwetu nako barabara ya Kyaka hadi Bugene, takriban kilomita 59, ambayo tuliijua ikiwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, sasa ni lami. Wengine hufika mbali zaidi, hadi soko la Mabibo jijini Dar es Salaam, lile ambalo watu hulitania kwa jina la Mahakama ya Ndizi.

Kisha akatueleza mambo ambayo mtu anayeliona lori likipita hayaoni. Safari ya kwenda ina mzigo, lakini safari ya kurudi huenda isiwe nao. Gari linalorudi tupu hunywa dizeli bila kuingiza senti, na kijana asiyefahamika na wenye maduka ya jumla hulazimika kumtegemea dalali, ambaye naye ana fungu lake. Kuna ushuru wa mazao, kuna posho ya utingo, kuna bima, kuna leseni ya kusafirisha mizigo inayotolewa na LATRA, kuna kodi. Kuna tairi, ambazo huisha polepole bila kelele, hadi siku moja zote sita zinadai pamoja.

Hapo ndipo tulipoona ugumu wa kuanza. Dereva wa tajiri ana kazi moja: kuendesha na kuleta hesabu. Gari likiharibika, humpigia simu mwenye mali. Anayejimiliki hana wa kumpigia. Ndani yake wameketi watu wawili katika kiti kimoja: dereva, ambaye ameshika noti mkononi baada ya safari nzuri na anataka kununua kitoweo, na tajiri, ambaye anajua kwamba sehemu kubwa ya noti zile si zake, ni za tairi ambalo halijapasuka bado. Kijana akimsikiliza dereva tu, gari litakula na kulala njaa. Kwa hiyo hatukumuuliza kama anajua kuendesha. Hilo tulikwisha kuliona. Tulimuuliza kama yuko tayari kuwa tajiri wa nafsi yake.

Butura ya safari

Kijana alikuwa na akiba, lakini haikufikia nusu ya bei. Mtu mmoja mwenye mtaji, ambaye hatumtaji, alikuwa amemwekea pendekezo mezani. Angepewa Fuso mara moja. Angelipa kila wiki kwa muda wa miaka 2. Wiki atakayochelewa, kiasi kingeongezeka. Akikosa wiki 3 mfululizo, gari lingerudi kwa mwenyewe, na yaliyokwisha kulipwa yangehesabiwa kuwa kodi. Dhamana ilikuwa kibanja chetu.

Tulikwenda kwa sheikh wetu kuuliza, kwa sababu watu wengi huchanganya mambo mawili. Alitueleza kwamba kuuza kitu kwa bei ya mkopo iliyo juu kuliko bei ya taslimu si haramu kwa nafsi yake, maadamu bei ni moja, inajulikana siku ya mapatano na haibadiliki. Huo ndio msingi wa murabaha, ambao benki zinazofuata sharia, kama Amana Bank iliyoanza mwaka 2011 jijini Dar es Salaam, huutumia kwa wateja wao. Kinachoharibu ni ile nyongeza inayozaliwa na kuchelewa: mtu anashindwa kulipa, na badala ya kupewa muda, anaongezewa mzigo. Hiyo ni riba, na kuiita faini au gharama hakuigeuzi.

Lakini sheikh aliongeza neno ambalo limetukaa moyoni. Alisema hata deni la halali bado ni deni, na mtu atazame deni hilo litamfanya aendesheje.

Sisi watu wa Kagera hatuhitaji mfano wa mbali. Tuna neno letu, butura. Mkulima aliyebanwa na ada ya shule au ugonjwa huuza kahawa yake ikingali maua mtini, kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika huamka alfajiri kuchuma mali ambayo si yake tena. Tumewaona majirani wakichuma kwa uso uliokunjamana, kwa sababu jasho ni lao na gunia ni la mwingine. Wanazuoni hukumbusha kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alikataza kuuza matunda kabla uzima wake haujadhihirika. Tulipolitazama lile pendekezo la Fuso, tuliona kwamba kijana alikuwa akitakiwa kuuza safari za miaka 2 kabla hata moja haijafanyika. Ilikuwa ni butura ya safari.

Deni linavyoendesha gari

Wapo watakaosema kwamba kila biashara ina hatari yake, na anayeogopa asifanye. Tunakubali. Ila katika kazi ya lori, deni la kila wiki halikai nyumbani likisubiri. Linapanda garini.

Wiki ikiwa mbaya, jambo la kwanza ambalo deni humshauri dereva ni kuongeza mzigo. Tanzania ilianza kutumia Sheria ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016 tangu tarehe 1 Machi 2019. Chini ya sheria hiyo, ekseli ya mbele yenye tairi mbili haitakiwi kuzidi tani 8, na ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne haitakiwi kuzidi tani 10. Maana yake ni kwamba Fuso la tairi sita, pamoja na uzito wa gari lenyewe, mafuta na watu waliomo, lina tani 18 tu. Ndizi hazipakiwi kwa mizani bali kwa macho, mkungu juu ya mkungu, na ni rahisi mno kusema "ongeza kidogo." Hicho kidogo hukutana na mizani ya TANROADS njiani, na tozo yake humeza faida ya safari nzima. Kikipita bila kuonekana, hukutana na mlima. Gari lililozidishiwa mzigo linaposhuka, breki hushika moto na kupoteza nguvu, na hapo hakuna wa kumlipa faini ila roho yake. Madereva wanaokwenda Dar es Salaam kupitia Igunga na Singida wanaujua mlima Sekenke. Huko dereva mwenye akili hushuka kwa gia ndogo na hamtazami anayempigia honi nyuma.

Jambo la pili ambalo deni humshauri dereva ni kutolala. Safari mbili kwa wiki zitalipa. Tatu zitalipa na kubakiza. Usiku wa tatu macho hufumba yakiwa wazi. Sisi ni wazazi. Tulipofikiri juu ya lile pendekezo, hatukuliona gari tena, tuliona saa 9 usiku, barabara ya Biharamulo, na mtoto wetu akipigana na usingizi kwa sababu Ijumaa kuna mtu anakuja kuchukua hesabu.

Kibanja na haki za wengine

Hatuwezi kusema kwamba tulikuwa na kauli moja. Mmoja wetu aliona kibanja kitolewe dhamana, kwani kijana ni mchapakazi, hanywi, hachezi kamari, na nafasi kama ile huenda isirudi. Mwingine alikataa. Ndani ya kibanja mna makaburi ya wazee waliotutangulia, na mna wadogo zake watatu ambao bado wanasoma na wanakula kutoka humo. Tulibishana siku nyingi, wakati mwingine kwa sauti ambayo majirani hawakupaswa kuisikia.

Kilichotupatanisha ni kisa cha Nu'man bin Bashir. Baba yake alitaka kumpa yeye peke yake zawadi, akaenda kumtaka Mtume (s.a.w.) awe shahidi. Mtume akamuuliza iwapo watoto wake wote amewapa mfano wa hiyo. Alipojibu kuwa hapana, alikataa kushuhudia, akamtaka amche Mungu na kuwafanyia watoto uadilifu. Tulijiuliza: kukiweka kibanja rehani kwa ajili ya mtoto mmoja si kumpa yeye fungu la wote, na kuwaachia wadogo zake hasara? Baada ya hapo hapakuwa na mjadala. Kibanja hakikuguswa.

Kijana alinyamaza kitambo. Kisha akasema: "Basi nisaidieni nipate njia nyingine, wazee wangu. Siwezi kuendesha gari la watu hadi nizeeke." Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mzazi anayekataza bila kuonesha njia amefanya nusu ya kazi.

Hisa 10

Kabla ya utume, Muhammad (s.a.w.) alisafiri na mali ya Bibi Khadija kwenda Sham. Mmoja alikuwa na mtaji, mwingine alikuwa na uaminifu na nguvu za kusafiri, na Maysara, mtumishi wa Bibi Khadija, alifuatana naye na kurudi na ushahidi wa tabia yake. Tulijiuliza kwa nini ukoo wetu, ambao ukiwa na harusi huchangishana bila shida, usichangie biashara.

Tuliita jamaa. Thamani ya gari tuliigawa hisa 10. Kijana, kwa akiba yake na bodaboda aliyoiuza, alichukua 4. Sisi tuliuza ng'ombe wawili na kuongeza fedha ya kahawa, tukachukua 2. Mjomba wake alichukua 2, shangazi yake 1. Hisa iliyobaki ilitolewa na mkamwana wetu, mke wa kijana, kutokana na biashara yake ya maharage.

Hapa lilitokea jambo ambalo tunapenda kina mama wasome kwa makini. Kijana alitaka fedha ya mkewe ijumuishwe katika hisa zake, akisema mume na mke ni kitu kimoja. Shangazi yake ndiye aliyemjibu: "Mwanangu, ni kitu kimoja mezani. Kwenye karatasi ni watu wawili." Uislamu umempa mwanamke mali yake, na mume hana haki nayo ila kwa ridhaa yake. Hisa ya mkamwana iliandikwa kwa jina lake. Tangu siku hiyo ndiye anayetunza daftari la gari, na hajapata kukosea hesabu.

Mapatano yaliandikwa, kwa kuwa aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, imekuja kutufundisha kuandika na kushuhudisha. Tuliandika kwamba kijana atalipwa ujira wa dereva kwa kila safari, sawa na ambavyo angelipwa na tajiri mwingine. Kwamba faida itakayobaki itagawanywa kwa hisa. Kwamba hasara nayo itabebwa kwa hisa. Na kwamba kijana akitaka kununua hisa ya mtu, ataruhusiwa, kwa thamani ya gari siku hiyo. Kipengele cha hasara ndicho kilichomtofautisha mshirika na mkopeshaji. Mkopeshaji hudai gari likiwa zima na hudai gari likiwa bovu. Mshirika huumia nawe.

Haikuwa haraka. Kuanzia kikao cha kwanza hadi siku ya kununua ilipita miezi 14, na muda wote huo kijana aliendelea kuendesha gari la tajiri wake na kujifunza wenye mizigo ni kina nani. Tulinunua Fuso lililotumika, kwa taslimu, baada ya fundi kulikagua injini, gia boksi, difu na chasisi, na baada ya kuhakikisha kwamba kadi ni halali na gari halidaiwi. Halikuwa zuri machoni. Rangi yake ilikuwa imepauka kama kitenge cha zamani.

Kila mwenye haki

Salman al-Farisy alimfundisha nduguye Abu Dardaa kwamba Mola wake ana haki kwake, nafsi yake ina haki, na watu wa nyumba yake wana haki, na Mtume (s.a.w.) akayathibitisha maneno ya Salman. Tulimwambia kijana kwamba dereva anayejimiliki aongeze moja: gari nalo lina haki.

Haki ya gari hutolewa kabla ya kugawana chochote. Baada ya kila safari, zikishaondolewa dizeli, ushuru na malipo ya utingo, fungu la tairi, oili, bima na matengenezo huwekwa kando katika mfuko ambao kijana hana namba yake ya siri. Haki ya mwili ni usingizi: hakuna kuendesha baada ya saa 4 usiku, hata mwenye ndizi akipiga simu mara kumi. Haki ya Mola ni swala, nayo humsaidia dereva kwa njia ambayo hakuitarajia. Msafiri ameruhusiwa kupunguza na kukusanya, na yule anayesimama kwa ajili ya Adhuhuri na Alasiri, akatawadha, akanyoosha mgongo, akazunguka gari na kutazama tairi, hurudi kwenye usukani akiwa mtu mwingine.

Haki ya nyumba ndiyo tuliyoisisitiza zaidi. Mkoa wetu una kumbukumbu nzito. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa hapa Kagera mwaka 1983, na kizazi chetu kilizika ndugu na marafiki kwa mfululizo, na kikalea mayatima. Hatusemi kwamba madereva ndio wa kulaumiwa. Maradhi hayana kazi maalumu. Tunasema kwamba kijana anayelala nje ya nyumba yake usiku mwingi ana mitihani ambayo mkulima hana, na kwamba kumwacha peke yake na mitihani hiyo kisha kumhukumu si uungwana. Tulikubaliana awe nyumbani usiku usiopungua 2 kila wiki, na Ijumaa kadiri inavyowezekana aswali msikitini kwetu, akiwa na mtoto wake pembeni.

Mitihani ilipokuja

Ilikuja mapema. Mwezi wa tano gia boksi ilivunjika karibu na Biharamulo. Gari lililala wiki 3. Mzigo ulihamishiwa gari jingine, na sehemu ya nauli ikapotea. Mfuko wa gari ulilipa vipuri na fundi, ukabaki mtupu. Robo ile ya mwaka hapakuwa na faida ya kugawana, na mjomba wa kijana alikuja kwetu akiwa amekasirika, akisema fedha yake imelala. Tulifungua karatasi, tukamsomea kipengele cha hasara chenye sahihi yake. Aliisoma mara mbili, akanywa kahawa, akaaga. Lakini katika wiki 3 hizo hakuna aliyebisha hodi kudai, hakuna kiasi kilichoongezeka, hakuna kibanja kilichotishiwa. Tulifanya hesabu ya lile pendekezo la kwanza: kwa masharti yake, wiki ile ile ya tatu gari lingekuwa limekwisha kuchukuliwa.

Mtihani wa pili ulikuwa mzito zaidi, kwa sababu haukuja na sura ya balaa. Katika msimu wa kahawa mtu alimfuata kijana usiku akamtaka abebe magunia kuelekea mpakani upande wa Murongo, nje ya utaratibu wa vyama vya msingi, kwa nauli mara tatu ya kawaida. Magendo ya kahawa kwenda Uganda si jambo geni kwetu, na aliyekamatwa nayo anaweza kupoteza mzigo na gari. Mfuko wa gari ulikuwa mtupu, na kijana alikuwa na sababu zote za kukubali. Alikataa. Alipotusimulia, alisema: "Mama, ningekuwa peke yangu huenda ningekwenda. Nilikumbuka hisa ya Shangazi."

Tulikaa kimya. Tulikuwa tumedhani kwamba hisa zile zilichangia fedha tu. Kumbe kila jina katika karatasi ile lilikuwa limeketi naye garini.

Kwa wazazi wenzetu

Leo ni mwaka wa tatu. Kijana amekwisha kununua hisa mbili za mjomba wake, kwa thamani waliyokubaliana, na mjomba sasa humsifu barabarani kana kwamba wazo lilikuwa lake. Amepata mwenye duka la jumla Mwanza anayempa saruji na chumvi za kurudi nazo, kwa hiyo gari halirudi tupu mara kwa mara kama awali. Hajatajirika. Nyumba yake bado ni ya matofali ya kuchoma isiyopigwa lipu. Lakini hadaiwi, na akiba yake ya fedha ilipotimiza nisabu na mwaka, alitoa zaka. Lori lenyewe, kwa kuwa ni chombo cha kazi na si bidhaa ya kuuza, halikuingia katika hesabu hiyo.

Ndugu msomaji, kijana wako akija na ombi kama la wetu, usianze kwa kumuuliza gari litaingiza kiasi gani kwa mwezi. Kila mwenye gari la kuuza ana jibu tamu la swali hilo. Muulize: likilala wiki 3, nani atakuja mlangoni? Kama jibu ni mtu mwenye daftari la nyongeza, mwambie asubiri, na umsaidie kusubiri. Waite wajomba na mashangazi, wapimieni hisa, andikeni, na wanawake waandikwe kwa majina yao. Kama ukoo hauna uwezo mwaka huu, aendelee kushika usukani wa tajiri huku akiweka akiba. Miezi ya kungoja si miezi iliyopotea kwa anayejifunza njia.

Na kijana mwenyewe aelewe kwamba barabara haiishi. Ndizi zitakatwa tena wiki ijayo, na maharage yatavunwa tena inshaallah. Mwenyezi Mungu awahifadhi madereva wetu wote walioko njiani usiku huu, awape macho yaliyo macho na breki zinazoshika, na awarudishe kwa watu wao wakiwa salama. Amin.